Arubaini Niliyolala Nimekaa

Kama wewe ni mzazi, umo ndani, arubaini yako haijesha, na usingizi haukupati ila umeegemea ukuta, basi usisome kwanza. Mwite aliye karibu nawe umwambie kwa maneno hayo hayo: silali ila nimekaa. Ukishamwambia, rudi tuendelee. Mimi nilikaa wiki mbili bila kulalamika kwa mtu, na nilinyamaza kwa raha, si kwa woga. Hilo ndilo lililonichukua muda mrefu kulielewa, na ndilo lililonifanya nichukue daftari.

Naitwa Raya. Nashona kofia za mkono. Nakaa Malindi, ghorofa ya pili ya nyumba aliyotuachia baba, karibu na bandari kiasi kwamba honi ya boti ya Dar es Salaam ndiyo saa yetu ya ukutani. Tuko watatu: mimi wa kwanza, kisha Seif, anayepakia na kupakua mizigo bandarini, kisha Aziza, kitinda mimba. Baba alitangulia mbele ya haki, mimba ya Aziza ikiwa na miezi mitatu. Mama akamfuata siku ya thelathini na moja baada ya kumzaa. Nilikuwa na miaka kumi na nne, niko kidato cha kwanza. Nilikunja sare nikaiweka chini ya kasha, ikakaa hapo mpaka Aziza alipofika umri wa kuivaa.

Niliolewa nikiwa mkubwa, kwa hesabu za watu wa kwetu. Kila posa ilipokuja nilisema bado, mpaka Seif apate kazi, mpaka Aziza aweze kujisuka nywele. Khatib, mtu wa Kidichi mwenye shamba la viungo, naye aliambiwa bado. Akarudi shambani akapanda vanila. Miaka mitatu baadaye alisimama mlangoni na kifungu cha vanila mkononi. "Hii ishazaa," alisema. "Na wewe bado tu?"

Nilijifungua hospitali, salama, kaskazi ikiwa inakwisha. Mtoto wa kike. Tukampa jina la mama, Salma.

Kwetu uzazi wa kwanza hulelewa kwa mama, na mume hukaa kando; Khatib alibaki Kidichi. Mimi sina, kwa hivyo Shangazi Nunu, dada yake baba, alikuja kutoka Kizimkazi na kapu la pweza mkavu, chupa ya samli na mkaja wake mwenyewe, kile kitambaa kirefu cha kumfungia mzazi tumbo, kilichokwisha rangi kwa kufuliwa.

"Mie nimezaa tisa," aliniambia akinizungusha kama pia, huku akivuta kitambaa. "Kitazame kiuno changu. Kitazame! Kuna mtu anaweza kusema?"

"Hakuna, shangazi."

"Basi vuta pumzi, uzibe."

Nilivuta, nikaziba. Siku saba za mwanzo zilikuwa nzuri mno. Nilikandwa kwa maji ya moto, nikanyweshwa uji wa pilipili manga, nikafukizwa udi, na kila aliyeingia aliuliza hujambo mzazi, nami nikajibu sijambo, na mtoto je, naye hajambo. Jibu hilo hutoka mdomoni lenyewe, kama mtu anavyoweka mkono mbele akijikwaa.

Wiki ya pili miguu ilianza kujaa. Pete ya ndoa ikatolewa kwa sabuni. Nikishika kofia kushona, sindano inaniponyoka kwa sababu vidole vimekuwa vinene. Shangazi alifurahi. "Uzazi umekukubali! Umenawiri!" aliwaambia wageni. Nilipomwambia kwamba nikitoka kitandani kwenda chooni narudi nnahema, alisema mkaja umelegea, upepo umeingia tumboni, akaukaza zaidi. Moyo nao ukaanza kwenda mbio. Niliusikia kama mtu anayebisha mlango wa jirani: unasikia, lakini hudhani ni kwako.

Nikilala chali, nakohoa. Nikilala ubavu, nakohoa. Nikaweka mto wa pili, halafu wa tatu. Wiki ya tatu ilipoanza nilikuwa nimeegemea mito minne chini ya dirisha, miguu nimeinyoosha, nikitazama uchochoro, na hapo nilitulia.

Nilitulia kwa sababu pahala pale napajua. Kitanda kile kile cha samadari, dirisha lile lile. Hivyo ndivyo alivyokaa mama mwezi wake wa mwisho. Katika maisha yangu yote sikumbuki siku tamu kuliko zile. Kabla ya hapo mama alikuwa mtu wa mbio, sokoni, jikoni, kwa watu. Mwezi ule alikaa. Alikaa kutwa, mito nyuma ya mgongo, Aziza mapajani, na mimi nikitoka shule napanda kitandani pembeni yake ananifundisha kushona kofia. "Usiuvute uzi," alikuwa akisema, "usindikize." Alinihadithia habari za utoto wake, na hadithi zake zilikuwa na vituo. Alisema maneno manne, akapumua, akatazama nje, ndipo akaendelea. Mimi nilidhani ananitia hamu. Nikimsukuma bega: "Halafu? Mama, halafu?" Akicheka kidogo, akinyoosha kidole kwamba nisubiri.

Kwa hivyo nilipojikuta nimekaa vile vile, na mwanangu mapajani, nilijiona nimefika kwake. Nilimwambia Aziza, "Mama alikuwa akikaa hivi hivi, hapa hapa." Aziza hakuwahi kumjua mama. Alikaa pembeni yangu akataka nimwambie zaidi, nami nikamhadithia, maneno manne, pumzi, maneno manne. Tulifurahi sote wawili. Siku zangu zilikuwa zinakwisha na sisi tunafurahi.

*

Hapa lazima nimtaje Bi Sauda.

Mama alipofariki, mimi ndiye niliyempeleka Aziza kliniki. Nilikaa kwenye benchi pamoja na kina mama, kitoto kichanga begani, miguu yangu haijatulia. Siku ya kwanza mwanamke mmoja alinitazama juu hadi chini akamwambia mwenzake, kwa sauti ya kunifikia, "Siku hizi watoto wanazaa watoto."

Mkunga aliyekuwa akipima alijibu bila kugeuka, macho kwenye mizani. "Huyo dada mtu. Na kadi yake safi kuliko zenu nyote, zenu zimejaa mchuzi."

Huyo ndiye Bi Sauda. Alinifundisha kuchemsha kikombe na kijiko, kuchanganya maziwa, kumpiga mtoto mgongo mpaka acheue. Kwenye kadi, palipoandikwa jina la mama, aliliacha la mama kwa wino, na pembeni akaandika langu kwa penseli. Penseli yake ilifungwa uzi kwenye mguu wa meza ili isiibwe, na kila akitaka kuandika mbali kidogo lazima ainame na uzi wake. Nimekulia pale. Hata leo nikisikia mtoto anapiga kelele akitiwa kwenye beseni la mizani, naona niko nyumbani.

Bi Sauda alikuwa na kitu kimoja watu walichomchekea. Hakuwa akimuuliza mzazi hujambo. Alimuuliza, "Jana ulilalia mito mingapi?" Kila mzazi, kila siku. Kina mama walimwigiza nje barazani: "Bi Sauda hataki hali yako, anataka mito yako!" Mimi nami nilicheka. Nilipokuwa mja mzito aliniuliza kila mwezi, nami kila mwezi nikajibu mmoja, na swali lile nilishalizoea kama honi ya boti. Halikunijia hata mara moja nilipokuwa juu ya mito minne.

Siku ya ishirini na nane Salma alitakiwa kliniki kupimwa. Mimi siwezi kutoka, arubaini haijesha, basi akapelekwa na Aziza. Yaliyotokea kule alinisimulia mwenyewe baadaye. Alikaa kwenye benchi, mtoto begani. Bi Sauda, ambaye sasa ana miwani mizito na amebakiwa na mwaka mmoja tu kabla ya kustaafu, aliinua macho akamwona msichana wa miaka kumi na saba na kichanga, peke yake. Aziza anasema alimtazama muda mrefu hata akajiuliza kama ana kitu usoni.

"Mama mtu yuko wapi?"

"Yumo ndani, Bi Sauda. Da Raya. Arubaini haijesha."

"Analala vipi?"

"Halali, anakaa."

"Anakaa vipi?"

"Kwenye mito. Anakaa kama alivyokuwa akikaa mama." Na Aziza, kwa fahari, akaongeza, "Mwenyewe ndiye aliyesema."

Bi Sauda aliiachia penseli ikaning'inia. Akachukua mwavuli, maana masika ilikuwa imeshaingia, akamwambia mwenzake amalizie foleni.

*

Ilikuwa baada ya adhuhuri. Nilisikia hodi, halafu mtu mzito anapanda ngazi zetu akipumzika kila kituo. Shangazi alikuwa ananipepea.

"Shikamoo, Bi Sauda," nilisema.

"Marahaba." Hakuuliza kitu kingine. Alisimama mlangoni anatazama kitanda. "Mito hii ya nani?"

"Yangu."

"Yote?"

"Yote."

"Toa mmoja."

Nikatoa. "Toa wa pili." Nikatoa, nikaegemea iliyobaki, na hapo nikawa kama mtu aliyetiwa kichwa ndani ya pipa. Nilikohoa mpaka machozi yakatoka, nikainuka nikamshika shangazi kanga. Bi Sauda alikaa kitandani, akanishika kifundo cha mguu, akabonyeza kwa kidole gumba. Alipoondoa kidole, shimo lilibaki.

"Mguu wa mzazi huo," shangazi alisema. "Umenona."

"Bi Nunu, huu haukunona. Umejaa maji. Na kifua chake kimeanza kujaa. Mfungue huo mkaja."

"Tumbo litaanguka!"

"Lianguke. Tutaliokota." Kisha akasema polepole, "Anakwenda hospitali sasa hivi."

"Arubaini haijesha! Zimebaki siku kumi na mbili. Mzazi hatolewi nje hivi hivi, Bi Sauda, wewe mtu mzima unajua."

"Nnajua. Mama yake naye zilikuwa zimebaki siku tisa."

Mimi nilikuwa natazama mito miwili iliyotolewa, iliyolala sakafuni, na ndani ya kichwa changu mama alikuwa amekaa dirishani ananihadithia, maneno manne, pumzi. Nilielewa pale pale, kabla ya daktari yeyote. Zile siku tamu. Vile vituo. Nilimtazama Aziza aliyesimama na mtoto wangu begani, nikaona picha nzima: mimi nimekwenda, yeye yuko kwenye benchi na kadi, na jina lake pembeni kwa penseli.

"Shangazi," nikasema, "nifungue."

Akanifungua.

Gari haliingii katika uchochoro wetu, na Bi Sauda alikataa nilazwe kwenye machela. Alisema nikilazwa sitafika. Aziza akampa shangazi mtoto, akakimbilia bandarini, akarudi na Seif na wachukuzi watatu wenzake. Wakakitoa kiti cha mikono cha baba kwenye ukumbi, wakanikalisha, wakanifunga kwa ule mkaja ili nisidondoke, wakanibeba ngazi kwa ngazi. Seif alikuwa mbele, kanipa mgongo. Mama alipofariki alikuwa na miaka minane, na tangu arubaini yangu ianze hakuwahi kuingia chumbani mwangu. Alikuwa akisimama nje ya mlango anauliza, "Da Raya, hujambo?" nami nikijibu sijambo, anakwenda kazini.

"Huyu mwepesi!" Samweli, mmoja wa wale wachukuzi, alisema tulipofika chini. "Mie leo nishabeba magunia ya mchele, huyu hata nusu gunia hafiki."

"Astaghfirullah!" Shangazi alikuwa nyuma na mwavuli, ananifunika mimi, yeye analowa, mkono wa pili kashika chetezo kinachofuka udi ndani ya mvua. "Mzazi halinganishwi na gunia! Tazama mbele!"

"Natazama, mama. Lakini moshi wako unaniingia machoni."

"Uingie! Ndiyo uone vizuri!"

"Njia! Njia, mzazi anapita!" Seif alipiga kelele. Na watu waliokuwa barazani wakasimama, wakatupisha, wanawake wakajifunika midomo kwa kumwona mzazi nje kabla ya siku zake. Mmoja akaniuliza kutoka dirishani, kwa mazoea tu, "Hujambo, Raya?"

Nilitaka kujibu sijambo, na ulimi ulishaanza. Nikaumeza. "Sina pumzi," nikasema. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema. Seif alisikia namna nilivyosema, akaongeza mwendo kuelekea barabara ya magari.

*

Ya hospitali sitayaeleza kama daktari, mimi si daktari. Waliniambia moyo umechoka, umetanuka, na kwamba huwapata baadhi ya wanawake mwezi wa mwisho wa mimba au miezi ya mwanzo ya uzazi. Walinipa oksijeni na dawa ya kutoa maji. Usiku na mchana nilikuwa nakwenda haja ndogo, na kila asubuhi miguu inapungua, mpaka siku ya nne nikaona mfupa wa kifundo changu. Nilikigusa kama mtu anayekutana na jamaa aliyesafiri.

Mtoto alinywa maziwa ya kikombe kwa mikono ya Aziza, kwa kijiko kilichochemshwa kama nilivyochemsha mimi. Maziwa yangu yalipungua sana, na hilo liliniliza kuliko moyo. Muuguzi mmoja kijana wa zamu ya asubuhi alikuwa anamleta Salma anamweka kifuani pangu hata kama hanyonyi. "Muache akusikie," alisema. Nilimuuliza atasikia nini, moyo wenyewe mbovu. Akacheka. "Yeye hajui kama mbovu. Yeye anajua ni ule ule."

Arubaini yangu ilitimia wodini. Shangazi alikuja siku hiyo na liwa, ile dawa ya ngozi ya kunukia, ndani ya kibakuli, akanipaka usoni mbele ya wagonjwa wote, akamrushia macho kila aliyetazama. Hakuniomba radhi kwa maneno. Alivuta mto mmoja nyuma yangu, akaukung'uta, akauliza, "Leo unataka mingapi?" Nikamwambia mitatu. Akaenda nje akalia. Nilimsikia.

Bi Sauda alikuja siku ya pili yake, hana sare. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akavua miwani akaifuta kwa kanga.

"Nilikuja kwenu," alisema. "Wakati ule wa mama yako. Ilikuwa siku ya ishirini na tano, napita nyumba kwa nyumba. Pazia limeshushwa, watu wamejaa. Nikasimama nje ya pazia nikauliza, hujambo mzazi? Akanijibu sijambo, alhamdulillahi. Kwa sauti nzuri tu. Nikaandika hajambo, nikashuka ngazi."

Akaivaa tena miwani.

"Yeye hakusema uongo, Raya. Mtu akiulizwa hivyo atajibu nini? Kosa ni langu niliyeuliza nikadhani nimepima. Ndiyo nikaliacha lile neno. Tangu siku ile sijamuuliza mzazi hujambo. Namuuliza mito."

Miaka yote ile niliyokaa kwenye benchi lake, nikicheka pamoja na wenzangu, swali lilikuwa la mama yangu.

*

Masika ikaisha, kusi ikaingia na baridi yake ndogo. Nilirudi nyumbani na vidonge vya asubuhi na vya jioni, na kila mwezi kliniki ya moyo. Anayekwenda kule ajue kwamba atakaa. Pana benchi refu la mbao, na waliokaa wengi ni wazee. Mimi nikawa mtoto wao. Mzee mmoja wa shamba alikuwa akinihifadhia nafasi kwa kofia yake. Kofia ilikuwa imechanika, nikaenda nayo nyumbani nikaitia viraka, tukasahau kuumwa tukabishana juu ya mishono. Nywele zangu zilikatika, zikabaki kichanani. Nililia ngazini mara mbili kwa kushindwa kupanda. Nilihesabu: wakati wa kusi naweza vidato saba nipumzike, wakati wa vuli kumi na tano.

Kuna jambo ambalo daktari alilisema waziwazi, nami naliandika waziwazi: alitukataza kubeba mimba nyingine, pengine daima. Shangazi naye alisikia. Jioni, chakula kipo mezani, akamwambia Khatib, "Mwanangu, mie nasema kabla hawajasema watu. Mwanamme anataka watoto. Usije ukamfanya huyu ajaribu, na usije ukamtesa kwa mdomo."

Khatib alikuwa anamenya ndizi alizotuletea kutoka Kidichi. Aliimaliza ile aliyoishika.

"Shangazi, mie nilioa mtu," alisema. "Sikuoa shamba."

"Umesema sasa. Mwakani?"

"Mwakani njoo uniulize tena. Mie mtu wa vanila, nnajua kungoja." Akanikatia kipande cha ndizi.

Sitasema kwamba yalikwisha hapo. Zipo siku tulizokosana, zipo siku nilizomwambia aoe mwengine, naye akatoka akarudi Kidichi bila kuaga. Lakini alikuwa anarudi. Kila akirudi alikuwa anakaa kidato cha chini cha ngazi, ananingoja nishuke kumpokea, aone nimeshuka vipi.

Aziza naye aliniweka kitako siku moja ya vuli, mvua inapiga bati la jikoni. Aliuliza kama mama alikufa kwa sababu yake, na mimi karibu nife kwa sababu ya Salma. Nilimwambia ukweli ninaoujua: mama alikufa kwa sababu hakuna aliyemuuliza vizuri. Nikamwambia pia kwamba siku zile za dirishani, ambazo ni ugonjwa, bado ni siku tamu kuliko zote nilizokuwa nazo, na yeye alikuwepo, mapajani. Nilikuwa nimeogopa kwamba nikiujua ugonjwa nitampoteza mama mara ya pili. Hakupotea. Bado yuko pale anashona. Ila sasa anaposimama katikati ya maneno sisemi tena "halafu?" Namsubiri apumue.

Aziza ameomba chuo, kusomea ukunga. Sijui kama atapata. Naandika haya katika daftari lake la zamani la hesabu, na yeye ndiye atakayeyapiga chapa.

*

Kaskazi ikarudi. Kipimo cha mwisho cha moyo kilitoka vizuri kuliko walivyotegemea, ingawa vidonge naendelea navyo. Salma alikuwa anakaribia mwaka na ana zamu ya kupimwa. Aziza akamchukua kama kawaida. Nikamwambia amlete.

Nilimbeba mwenyewe. Nilishuka ngazi zetu, nikapita uchochoro niliopitishwa kwenye kiti, nikapanda vidato vitatu vya kliniki, na Aziza nyuma yangu mikono mbele kana kwamba nitaanguka. Tukakaa kwenye benchi. Ilikuwa wiki ya mwisho ya Bi Sauda kabla ya kustaafu, na kina mama walikuwa wamemletea halua na udi, vimejaa mezani hata penseli haina pa kukaa.

Zamu yetu ikafika. Nilimtia Salma kwenye beseni, akapiga kelele za nyumbani kwangu. Bi Sauda akasoma mizani, akaivuta kadi. Pale pa jina la mama pana langu, kwa wino, na pembeni hapana kitu. Akaandika uzito. Ndipo akanitazama juu ya miwani.

"Jana ulilalia mito mingapi?"

"Mmoja."

"Juzi?"

"Mmoja, Bi Sauda. Wiki tatu sasa."

Aliiweka penseli chini, polepole, juu ya halua ya watu. Kina mama kwenye benchi walikuwa wanazungumza yao. Alisogea karibu kidogo, kama mtu anayetaka kujaribu mguu aliouvunja zamani.

"Hujambo, Raya?"

Nilisikiliza kwanza: kifua, miguu, moyo ulikuwa unakwenda mwendo wake. Salma alikuwa amenishika sikio, anavuta. Nikavuta pumzi mpaka chini kabisa, ikafika, ndipo nikamjibu.

"Sijambo."